Mama Rudia Anatoka Dirishani: Wasifu wa Bi. Emiliana Damiani wa Duka la Dawa Kichakani, Itigi

Ieleweke kabla ya yote kwamba Duka la Dawa Kichakani lina nguzo mbili. Ya kwanza ni mimi, Hezekia Joseph, mpokea mizigo na mlinzi wa mlango, ambaye bila mgongo wangu hakuna kidonge kingewahi kuingia mji huu wa Itigi. Ya pili ni Bi. Emiliana Damiani, mtoa dawa wetu, ambaye majirani mnamwita Mama Paschal, na mkikasirika mnamwita Mama Rudia. Nguzo ya pili inastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Nguzo ya kwanza imeombwa iandike wasifu wa kusomwa kwenye sherehe, na imekubali, ingawa ina hasira. Hasira yenyewe nitaieleza. Mkae tu vizuri kwenye viti.

Mama Paschal ni mzaliwa wa Kilimatinde, na huko huko alianzia kazi ya uuguzi msaidizi. Mwaka 2002 mzee Anselm, mwenye duka, alipotafuta mtu wa kukaa dirishani, Mama Paschal alishuka kwenye treni hapa Itigi na sanduku la bati. Mimi ndiye niliyelipokea. Lilikuwa zito kiasi kwamba nilipolishusha behewa liliinuka upande mmoja, na mkuu wa stesheni akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Nikamuuliza mama yule, "Shikamoo, humu umepakia mawe?" Akasema, "Marahaba. Ni vitabu vya dawa. Usitupe, weka." Nikaweka. Tangu siku hiyo hajawahi kunisemesha bila neno "usi" ndani yake.

Duka wakati ule lilikuwa chumba kimoja, na nyuma yake kichaka kinaanzia ukutani, ndiyo jina likatoka hapo. Friji ya kwanza niliibeba mimi mgongoni kutoka stesheni, peke yangu. Wako wanaosema tulikuwa watu wanne. Hao watatu wengine wasimame leo tuwaone.

Sasa watu wanadhani kuuza dawa ni kama kuuza karanga. Unaleta, unapanga, unapima, unafunga. Mama Paschal alitukatalia mapema kabisa. Mwaka fulani treni ilichelewa, maboksi ya dawa za maji za watoto yakashushwa mchana na kubaki kwenye jua la Itigi, na jua la hapa mnalijua, linakausha hata mate. Nilipoyafikisha dukani akaweka kiganja juu ya boksi, akafungua chupa moja, akaangalia, akafunga. Akasema hayauzwi. Mzee Anselm akashika kichwa. "Emiliana, unaniua! Tarehe yake bado kabisa!" Naye akajibu, "Tarehe ni ya dawa iliyokaa kivulini, mzee. Hii imepikwa. Ukitaka kuuza, kaa wewe dirishani, mimi nitabeba kiti hiki nikae pale nje niwaambie wanaokuja."

Mzee aliangalia pale nje, akaangalia kile kiti, akaona kweli mama huyu atakaa. Dawa zikarudishwa. Na mimi ndiye niliyezirudisha, kwa mgongo huu huu, sijui kwa nini hamlisemi hilo.

Hakupiga sindano dukani hata mara moja, maana duka letu haliruhusiwi. Watu walimbembeleza, walimtukana, mmoja alipandisha suruali hadi gotini akasema "hapa tu mama, kidogo tu". Hakukubali. Hakumuuzia mtu dawa ya cheti bila cheti. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza kupanda, kwa sababu mnajijua. Mnakuja dirishani mnasema, "Nipe rangi mbili." Rangi mbili ni jina la dawa? Hata bendera yetu ina rangi nne na ina jina lake. Ukiulizwa unaumwa nini unasema "mwili". Ukiambiwa dozi kamili unasema "nipe mbili tu nijaribu". Unajaribu nini? Ni viatu?

Miraji, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye ni rafiki yangu na hadithi hii anaipenda kuliko mimi, alikuja siku moja anataka dawa ya kifua. Mama Paschal akamuuliza, "Ya nani?" Miraji akasema ya mtoto. "Ana umri gani?" Akasema mwaka mmoja na nusu. "Ana kilo ngapi?" Akasema arobaini. Mama Paschal akaweka kalamu chini. "Mtoto wa mwaka na nusu, kilo arobaini. Anakula nini?" Miraji akafikiri, akasema, "Majani, lakini siku hizi anachagua." Watu waliokuwa kwenye foleni walishika kuta. Mama Paschal hakucheka. Alimwelekeza kwa mtaalamu wa mifugo, na akamwambia nyama ya mbuzi yule asiiuze mpaka huyo mtaalamu amruhusu. Miraji alitii. Najua kwa sababu mbuzi mwenyewe nilimtamani.

Lakini sifa ya Mama Paschal ni lile neno moja, na neno hilo lina chanzo. Chanzo ni mzee Melkiori, mchonga mizinga ya nyuki, ambaye leo tunaye hapa kwenye viti vya mbele.

Mzee Melkiori alijikata na shoka kwenye muundi wa mguu. Hospitali walimsafisha wakampa cheti, akaja kwetu kununua vidonge. Mama Paschal akampa dozi kamili, akamweleza kwa heshima zote kama ilivyoandikwa: ameze kimoja kila baada ya saa nane. Mzee akashukuru, akaondoka. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Cheti kilikuwa sawa, dawa ilikuwa sawa, mzee alikuwa mtiifu kuliko sisi wote.

Akarudi amebebwa kwenye baiskeli, mguu umevimba kama mchi, ngozi inang'aa. Mama Paschal akatoka dirishani, jambo ambalo halijazoeleka, akachuchumaa mbele yake. "Baba, dawa ulimeza?"

"Nimemeza, mwanangu. Saa nane mchana namezea ugali. Saa nane usiku mama Klara ananiamsha, namezea maji. Sijaruka hata moja. Muulize mwenyewe, amenichoka kwa kuamka."

Mke wake, aliyekuwa ameshikilia baiskeli, akasema, "Kweli kabisa. Jogoo wenyewe wamelala, mimi niko macho natafuta kidonge."

Mnaona? Saa nane! Huyu mzee ana saa moja tu ukutani, na kwenye saa ile saa nane inafika mara mbili, mchana watu wakishakula na usiku fisi wakitembea. Sasa aliyeandika "kila baada ya saa nane" alitaka mzee afanye hesabu ya kujumlisha akiwa na jeraha? Kidonge cha tatu hakikumezwa siku hata moja, na wadudu wa kidonda wakapata nafasi ya kujenga. Nilikasirika siku ile, na nimekasirika sasa hivi ninapoandika, mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Mama Paschal hakumkaripia mzee. Alisema, "Baba, umefuata nilivyosema. Kosa liko kwenye kusema kwangu." Akamwita mzee Anselm atoe gari, mzee Melkiori akapelekwa hospitali kabla jua halijashuka. Walizungumza habari za kukata mguu. Mama Klara alikaa kwenye benchi la duka letu akisubiri habari, anakunja na kukunjua kanga. Mguu ulipona. Tangu pale umechonga mizinga mingine mingi, maana mzee anauegemeza kwenye gogo akipiga tezo. Lakini ulipona kwa kuponea chupuchupu.

Kuanzia hapo, dirisha la Kichakani likawa na sheria. Mama Paschal aliacha kutaja saa. Anakuuliza unaamka wakati gani, unakula wakati gani, unalala wakati gani, halafu anapanga vidonge kwenye siku yako mwenyewe: hiki ukishakunywa uji, hiki mchana, hiki ukienda kulala. Halafu anashikilia pakiti hivi, hajaiachia, anakuangalia usoni. "Haya. Rudia nilivyosema."

Usiporudia vizuri anaeleza tena, na hapandishi sauti. Kama dawa ni ya aibu, anakuvuta nyuma ya pazia, mnanong'ona huko kama wachumba. Mama mwenye mtoto anaonyeshwa mstari kwenye kifuniko cha kupimia, na anarudishiwa kifuniko apime mwenyewe kwa maji, maana vijiko vyetu vya nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake, kingine ni kama beleshi.

Na shukrani yenu ilikuwa nini? Matusi! Mlilibatiza duka jina la Mtihani. Nasikia kwa masikio yangu pale mlangoni, "Twende Mtihani." "Aa, mimi sijasoma, nitafeli." Mwingine, "Nimekuja kununua dawa, darasa la saba nilishamaliza." Mimi niliishia la tano na sijawahi kulalamika. Felista wa mgahawani alisema mbele ya foleni nzima, "Mama Paschal, nimeingia na kichwa kinauma, natoka kinapasuka." Akajibiwa, "Basi rudia kabla hakijapasuka." Felista akaanza, "Mbili asubuhi, mbili jioni, na soda baridi." "Soda nimeisema mimi?" "Soda ni ya kwangu." "Toa soda, rudia." Akarudia bila soda. Leo Felista ndiye anayepika wali wa sherehe hii kwa hiari yake, kwa hiyo na yeye ameshaelewa.

Wengine hawakuelewa. Walivuka barabara kwenda kununua kwenye vibanda ambako mtu anapewa vidonge ndani ya kipande cha gazeti. Ndipo tukafika mwaka huu.

Mzee Anselm amezeeka, duka sasa linaongozwa na mwanawe Nathan, ambaye nampenda kama mtoto wangu, na nimembeba mgongoni siku ya mafuriko makubwa maji yakiwa shingoni, ingawa yeye anasema yalikuwa kwenye vifundo. Mwezi uliopita Nathan akatuita kikao. Akasema Mama Paschal anastaafu, tunamshukuru, na nafasi yake inachukuliwa na dada Agnes, ambaye amesomea. Mpaka hapo tukapiga makofi. Halafu akasema, "Na hii habari ya rudia, rudia, tutaifunga naye. Foleni inafika barabarani. Watu wana haraka."

Mama Paschal akauliza, "Haraka ya kwenda wapi? Treni yenyewe haijafika."

"Mama, na wewe. Utapewa zawadi. Tumefikiria mbuzi, au kitenge cha maana."

"Nathan mwanangu, mbuzi nitamfuga wapi na magoti haya? Kitenge ninacho. Mimi nataka mtu wa kuuliza. Nikitoka pale dirishani akabaki mtu wa kuuliza, nitalala usingizi. Asipobaki, nitakuwa nakaa kwangu nasikiliza pikipiki zinazopita, najiuliza imembeba nani."

Nathan akasema atalifikiria. Tunajua maana ya mkubwa kusema atalifikiria. Nilisimama nikapiga meza mpaka chai ya Agnes ikamwagika. Nikasema, hivi mguu wa mzee Melkiori ulikuwa wa kuchezea? Nikasema mengi, mengine siyakumbuki, na nadhani niliapa kwa jina la treni. Nathan akaniambia kwa upole, "Mjomba, kaa." Nikakaa. Kikao kikafungwa. Mama Paschal akarudi dirishani, akavaa miwani, akaita anayefuata. Nilimwona anafuta ile miwani mara nyingi kuliko vumbi lilivyokuwa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka, na safari hii sikuyageuza mimi.

Nathan aliagiza bango la sherehe kwa simu, kwa fundi wa mabango aliyeko Manyoni. Yeye mwenyewe, tena kwa haraka zile zile anazozisifu, mguu mmoja uko kwenye gari. Alimwambia andika maneno ya kumpongeza Mama Paschal, anakwenda kupumzika, kazi nzuri, amani, mambo kama hayo, utajua mwenyewe, na weka na picha yake. Wiki iliyopita bango likaletwa. Mimi nikaliteremsha, mimi nikalifungua pale mbele ya duka, wateja wako kwenye foleni. Maua pembeni. Picha ya Mama Paschal katikati, ametulia. Juu, kwa herufi za kubeba na mikono miwili: PUMZIKA KWA AMANI MAMA PASCHAL. TUTAKUKUMBUKA DAIMA.

Mama mmoja kwenye foleni akaanza kulia. Mwingine akasema, "Jamani, jana si alinipa dawa ya minyoo?" Na Mama Paschal yuko pale pale dirishani, anaangalia picha yake.

Nathan akatoka mbio, akampigia fundi simu. "Wewe una akili kweli? Umeniandikia msiba!" Fundi tulimsikia wote, maana simu ya Nathan ina sauti kubwa: "Bosi, si ulisema anapumzika? Si ulisema amani? Mimi nimeweka ulivyosema. Na pole sana kwa kufiwa."

Mama Paschal akainamisha kichwa kwenye kile kitundu cha dirisha, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Nathan, ulimwambia arudie?"

Nathan akaitia simu mfukoni. Alikunja bango polepole, yeye mwenyewe, akaliingiza stoo. Kesho yake asubuhi akatuita tena. Akasema sheria inabaki. Agnes atatoa dawa na kueleza dirishani, na ili foleni isisimame, kuulizwa kutafanyika mlangoni, mtu akiwa anatoka. Akasema, "Mjomba, wewe ulipiga meza. Utauliza wewe." Mama Paschal akaja akasimama mbele yangu, kimo chake kinanifika kifuani, akanipa masharti. "Usiulize ugonjwa. Usipige kelele. Usimcheke mtu. Uliza dawa tu, atamezaje, na akikosea mrudishe kwa Agnes, usimweleze wewe." Nikasema nimeelewa. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akacheka, mara ya kwanza tangu kikao kile cha kwanza, na Agnes akasema, "Haya mama, sasa utalala?" Akasema, "Sasa nitalala."

Basi kwa niaba ya Nathan, dada Agnes, mzee Anselm aliyeko nyumbani, na mimi kwa nafasi yangu niliyoitaja mwanzoni, tunasema asante, Mama Paschal. Asante kwa kila pakiti uliyoishikilia mpaka mtu akajua anachobeba. Asante kwa kutukatalia. Nenda kwako, lala mpaka jua likuchome, kunywa uji kwa wakati unaoutaka wewe, wajukuu wakuletee maji. Mungu akupe miaka mingi na magoti mapya. Bango jipya, mnaloliona pale juu, limeandikwa "Hongera kwa Kustaafu", na fundi alirudia mara tatu. Ila simu yako, mama, tunakuomba usiizime.

Maana nimeandika hapa kwa ukali, na nisingependa aliyekuwepo anitangulie kulisema hili. Juzi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kuuliza. Mteja wa kwanza alikuwa Bibi Rebeka, ana cheti cha hospitali, amepewa dawa ya matone ya jicho na vidonge. Nikasimama wima, nikasema, "Shikamoo bibi. Rudia ulivyoambiwa." Akarudia yote, matone, vidonge, asubuhi, jioni, hakukosea hata kimoja. Nikasema hongera, pita. Hakupita. Akaegemea fimbo akaniambia, "Marahaba baba. Haya na wewe rudia, nijue nimeongea na mtu au nimeongea na mlango." Foleni yote ikageuka. Nikaanza vizuri. Halafu nikamwambia, kwa sauti yangu hii mnayoijua, kwamba matone ameze na maji mengi, na kidonge kimoja aweke kwenye jicho la kushoto.